Msamaha Kabla ya Jeraha Kupona

Tulikuwa katika darsa yetu ya baada ya Isha, tukisoma mlango wa majeraha katika Minhaj ya Imam Nawawi, mlango ambao aghlabu hupitwa mbio kwa kudhaniwa kuwa mambo yake hayana kazi tena katika zama zetu. Akainuka kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango, akauliza: "Shekhe, mtu aliyepigwa akaumizwa, kisha akasamehe mbele ya wazee, na baada yake jeraha likamla kupita alivyodhani siku ile, je, ana haki ya kudai fidia? Na akienda kuidai katika korti ya serikali, atakuwa amevunja ahadi yake na kula haramu?"

Waliokuwa wageni darsani walingoja jawabu. Sisi tuliomjua hatukuweza kuinua macho, kwani suala lile halikuwa la kitabu. Kijana huyu alikuwa seremala wa milango ya nakshi, na mkono wake wa kulia leo una kidole gumba na kidole cha shahada tu.

Tueleze kisa kwa ufupi bila ya kutaja majina. Alimchongea mlango mtu mwenye nafasi katika mtaa wetu, akaenda kudai baki ya ujira wake. Akamkuta mwana wa mwenye nyumba. Maneno yakawa mengi, na mwana yule akaokota nondo akampiga mkononi, kidole cha pete kikapondeka. Watu waliona. Kijana alikwenda polisi akaandikiwa katika kitabu cha matukio, akapewa fomu ya P3, na daktari akaijaza. Siku ya tatu wazee wakakusanyika barazani. Baba wa mpigaji akaleta shilingi 15,000 na mbuzi, ikasomwa Fatiha, na kijana akaambiwa: "Mwanetu, sema nimesamehe, haya ni mambo ya nyumbani." Akasema. Kesho yake akapelekwa kituoni akafuta mashtaka. Baada ya siku kumi na mbili kidonda kikaoza, na hospitali ikamkata kidole kile na viwili vilivyo jirani yake.

Na sisi tulikuwako barazani. Sisi ndio tuliosoma Fatiha, na sisi ndio tuliomsomea kijana yule aya za msamaha, na kidole chake kimefungwa kitambaa ambacho hatukuuliza kilichomo ndani yake. Lau tungeandika makala haya bila ya kukiri jambo hili, tungekuwa tunawafundisha watu ukweli huku tumeuficha wa kwetu. Tena tuseme lililo zito zaidi: mazulia tunayosalia juu yake ni zawadi ya baba wa mpigaji. Hatudai kuwa mazulia yale ndiyo yaliyotusemesha. Twasema tu kuwa hatuwezi kuapa kuwa siyo.

Sasa na tuliangalie suala lenyewe. Ndani yake mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: haki ya aliyeumizwa kudai mali, na njia ya kuidai.

Amma haki, sharia yetu haikuiacha gizani. Mwenyezi Mungu Mtukufu ameihalalisha katika Suratul Baqara, aya ya 178, pale alipoeleza kuwa anayesamehewa kisasi na afuatwe kwa wema, naye alipe kwa ihsani, na akaliita jambo hilo tahafifu na rehema kutoka Kwake. Basi wale wanaosema barazani kwamba mwenye kupokea mali kwa jeraha lake "anauza damu yake" wanakitukana kitu ambacho Mola wao amekiita rehema. Na katika barua ambayo Mtume wetu s.a.w. aliwaandikia watu wa Yaman, aliyoichukua Amri bin Hazm, diya ya nafsi ni ngamia mia, kila kidole kina ngamia kumi, kila jino ngamia watano, na jeraha la kichwa au uso lifikalo hadi likadhihirisha mfupa ngamia watano. Tazama, ndugu msomaji, jinsi sharia ilivyoshuka kwenye kidole na jino! Haikutosheka kusema kwa ujumla kuwa dhulma ni haramu. Ilimhesabia aliyedhulumiwa kiungo kimoja kimoja. Nasi tulimhesabia seremala mbuzi mmoja.

Na majeraha yasiyokuwa na kiwango nayo hayakuachwa bure. Maulamaa wameyawekea kinachoitwa hukuma, yaani makadirio ya waadilifu kwa kadiri ya upungufu uliompata mtu. Hatta jeraha likipona lisiache alama, Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kuwa hutazamwa upungufu wa karibu zaidi kabla ya kupona, ingawa ametaja pia kauli nyengine kuwa hapana malipo. Na katika madhhabu ya Hanafi, Abu Yusuf amesema hulipwa kwa ajili ya maumivu, na Muhammad bin Hasan akasema hulipwa ujira wa tabibu na bei ya dawa. Tumezitaja kauli hizi kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kudai gharama ya hospitali na malipo ya maumivu ni bidaa ya mawakili wa kizungu. Walizungumza habari hiyo watu wa Kufa na Baghdad miaka elfu na zaidi kabla ya wakili wa kwanza kushuka bandarini kwetu.

Kisha kuna msamaha, na hapa ndipo penye fundo.

Msamaha ni daraja kubwa, wala hatutaki mtu atuelewe vibaya. Katika Suratul Maida, aya ya 45, baada ya kutajwa jicho kwa jicho na jino kwa jino, imeelezwa kuwa mwenye kuisadaka haki yake itakuwa ni kafara kwake. Na katika Suratush Shura, aya ya 40, ujira wa mwenye kusamehe na kusuluhisha umewekwa juu ya Mwenyezi Mungu Mwenyewe. Aya hii ndiyo tuliyoisoma barazani. Lakini aya iliyo baada yake hatukuisoma, nayo yaeleza kuwa wanaojitetea baada ya kudhulumiwa hawana njia ya kulaumiwa. Na aya iliyo kabla yake yawasifu wale ambao wakifikwa na uonevu hujitetea. Tulimnyofolea kijana aya moja katikati ya tatu, kama mtu amkatiaye mwenziwe kipande cha nguo na kumwambia hiyo ndiyo kanzu.

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibrahim An-Nakhai kwamba wema waliotangulia walikuwa wakichukia kudhalilishwa, na walipokuwa na uwezo wa kulipiza ndipo waliposamehe. Kwa hivyo msamaha unaosifiwa ni wa mwenye uwezo. Mtu aliyezungukwa na wazee kumi na wawili, ambao baadhi yao ndio wenye nyumba anayokaa kwa kodi, na mmoja wao ni mwalimu wake wa Kurani, akaambiwa "sema", huyo huwezi kujua kama amesamehe au ameogopa. Tulipomuuliza juzi mbele ya mamake, alitujibu kwa adabu: "Shekhe, siku ile nyinyi mlikuwa mmekwisha fungua mikono ya Fatiha. Ningesema nini?"

Na yuko kiongozi bora kuliko sisi katika jambo hili. Abu Daud amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie) kwamba Mtume s.a.w. alimtuma Abu Jahm bin Hudhaifa kukusanya zaka. Mtu mmoja akabishana naye katika zaka yake, na Abu Jahm akampiga akampasua kichwa. Jamaa zake wakaja kwa Mtume s.a.w. wakataka kisasi. Akawaambia watapata kadha na kadha, wasiridhike, akawazidishia, wasiridhike, akawazidishia tena, wakaridhika. Akawaambia kuwa jioni atawahutubia watu na kuwapa habari ya kuridhika kwao, nao wakakubali. Alipohutubia akawauliza mbele ya watu kama wameridhika, wakasema: la! Muhajirina wakataka kuwavamia, naye Mtume s.a.w. akawaamrisha wajizuie. Kisha akawaita, akawazidishia, akawauliza tena, wakasema wameridhika. Akahutubia mara ya pili, na mara hii wakasema ndiyo.

Tumeisoma hadithi hii mara nyingi katika maisha yetu wala hatukuiona ilivyo. Aliyepiga alikuwa mjumbe wa Mtume s.a.w. mwenyewe, na kazi aliyokuwa akiifanya ni nguzo ya dini. Hata hivyo hapana aliyeambiwa kuwa kumdai mjumbe wa Mtume ni ukosefu wa imani. Mali ilizidishwa mpaka mwenye jeraha na jamaa zake wakatosheka wao; hakikuwekwa kiwango na jamaa wa mpigaji. Na waliporudi katika neno lao mbele ya kadamnasi, jambo ambalo sisi tungeliita aibu isiyosameheka, Mtume s.a.w. hakuwaambia, "Mlikwisha kuridhia." Aliwanyamazisha waliokasirika kwa ajili yake, akawaongeza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa baraza yake. Ya kwetu ilimalizika kabla ya adhuhuri, na mbuzi akaliwa usiku ule ule.

Sasa twende kwenye fiqhi ya msamaha uliotangulia kupona. Imepokewa na Imam Ahmad na Daraqutni, kutoka kwa Amri bin Shuaib, kutoka kwa babake, kutoka kwa babu yake, kwamba mtu mmoja alichomwa kwa pembe gotini, akaja kwa Mtume s.a.w. kutaka kisasi. Mtume akamwambia angoje mpaka apone. Akarejea akashikilia, akapewa kisasi chake. Baadaye akaja akisema amekuwa kiguru, Mtume s.a.w. akamwambia kuwa alimkataza naye akaasi, na kilema chake kikawa hakina malipo. Kisha akakataza kulipiza jeraha mpaka mwenyewe apone.

Mwanafunzi mmoja wa darsa, naye ni hodari wa kupinga, alisema kwamba hadithi hii ni hoja juu ya seremala wala si hoja yake: yule aliharakisha akapoteza haki yake, na huyu aliharakisha, basi na apoteze. Tulimjibu hivi. Yule alikatazwa, akasisitiza. Huyu hakukatazwa na mtu. Waliojua hadithi hii walikuwa ni sisi, na walioharakisha walikuwa ni sisi. Kama pana wa kuambiwa kuwa alikatazwa naye akaasi, si seremala.

Zaidi ya hayo, maulamaa wa madhhabu yetu ya Shafi wameiandika mas-ala hii wazi. Katika Minhaj, mtu akikatwa kiungo akasamehe kisasi chake na malipo yake, kisha jeraha likaenea likala kiungo chengine na kupona, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi mkataji hudhamini diya ya kile kilicholiwa baadaye. Na maana yake ni nyepesi kufahamika: mtu hasamehi asichokijua na ambacho bado hakijawa. Tena wameandika kuwa kidole kikikatwa na vyengine vikaliwa na kidonda, hapana kisasi katika vilivyoliwa. Kinachobaki ni mali. Basi tukimfanyia mpigaji wepesi wote, tukasema kidole cha kwanza kimekwisha kusamehewa na shilingi 15,000 zimepokewa, vinabaki vidole viwili, na malipo yake ni ngamia ishirini. Mwenye kutaka kujua ngamia ishirini ni shilingi ngapi na awaulize wafanyabiashara wa soko la mifugo la Garissa, kisha atazame tena mbuzi wetu.

Hili ndilo jawabu la sehemu ya kwanza: haki yake haikufa.

Amma njia ya kuidai, wako wanaosema kuwa kupeleka shauri kwa hakimu asiyehukumu kwa sharia ya Kiislamu hakufai kabisa, na kuwa Muislamu hapaswi kumshtaki Muislamu mwenziwe huko. Maneno haya tungeyastahi zaidi lau wanaoyasema wangekuwa hawaendi korti hizo hizo wanapogombania viwanja. Lakini tuyajibu kwa hoja.

Katika nchi yetu, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 170 imeweka mipaka ya korti za Kadhi: hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, kwa watu ambao wote ni Waislamu na wamekubali hukumu yake. Jeraha halimo. Kadhi hana uwezo wa kumlazimisha mtu alipe kidole, hatta akiwa anazijua kauli zote tulizozitaja hapo juu. Basi anayesema "usiende korti ya serikali" kwa hakika anasema "usiende popote", na asemaye hivyo amemwambia mnyonge aikae dhulma yake, akamwambia mwenye nguvu apige tena.

Na Mtume wetu s.a.w. kabla ya kupewa utume alihudhuria Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, agano la makureshi, na wakati huo walikuwa washirikina, la kumrudishia haki kila aliyedhulumiwa Makka. Sababu yake ilikuwa mfanyabiashara kutoka Zabid katika Yaman, ambaye Al-As bin Wail alichukua bidhaa zake akakataa kumlipa. Baada ya utume Mtume s.a.w. akasema kuwa lau angeitwa katika agano kama lile katika Uislamu angeitikia. Haki ya aliyedhulumiwa basi hutafutwa kwa mkono wowote ulio mwadilifu katika jambo hilo. Na lau mkono huo ni wa serikali, hii ni serikali ambayo twailipa kodi ili itulinde.

Tulimwendea wakili mmoja Muislamu, tukamuuliza kama wanafunzi. Aliyotufahamisha twayaandika hapa kwa sababu tumeona watu wengi, na wazee wa baraza mbele yao, hawayajui.

Kwanza, kesi ya jinai na madai ya fidia ni mambo mawili. Katika jinai anayeshtaki ni serikali na mwisho wake ni kifungo au faini. Katika madai anayeshtaki ni aliyeumizwa na mwisho wake ni malipo. Kufutwa kwa ile ya kwanza peke yake hakuifuti ya pili, na uzito wa ushahidi unaotakiwa katika madai ni mdogo kuliko wa jinai. Hatta katika jinai yenyewe, Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 31, yampa hakimu uwezo wa kumwamrisha aliyepatikana na hatia amlipe aliyemuumiza. Na suluhu haikukatazwa: kifungu cha 176 cha sharia ya mwendo wa kesi za jinai chamruhusu hakimu kuhimiza wagombanao wapatane, kwa kulipana fidia, katika mashambulio madogo, na Katiba katika kifungu cha 159 yahimiza njia za suluhu, kwa sharti zisivunje haki za mtu wala zisiende kinyume na uadilifu. Sharti hili wazee wetu hawalitaji wanapoisifu suluhu.

Pili, na hili lilitushtua, madai ya kuumizwa yana muda. Sharia ya Kenya imeweka miaka mitatu tangu siku ya kuumizwa. Na ikiwa anayedaiwa ni serikali, kama vile mtu amepigwa na askari aliye kazini, ni miezi kumi na miwili tu. Baada ya hapo mlango hufungwa, ingawa haki mbele ya Mwenyezi Mungu haifungwi. Basi kila baraza inayosema "ngojeni kidogo, tutayamaliza wenyewe" inakula katika muda wa mnyonge bila ya yeye kujua.

Tatu, kwa sharia ya 2016 pako Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyopita shilingi 1,000,000, na fidia ya kuumizwa mwilini imo ndani yake. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili, na shauri lakusudiwa limalizike kwa siku 60. Madai yaliyo makubwa kuliko hayo hupelekwa korti nyengine.

Nne, hakimu hatoi gharama kwa maneno. Kila dawa na kila safari ya hospitali yataka risiti. Fomu ya P3, karatasi za hospitali, na nambari ya kitabu cha matukio cha polisi ndizo silaha ya aliyepigwa. Na mamake kijana, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, amezihifadhi zote katika mkebe wa biskuti tangu siku ya kwanza. Yeye hakuhudhuria baraza yetu kwani hakuitwa.

Limebaki neno kwa upande wa mdai, tusije tukadhaniwa kuwa twawafungulia watu mlango wa tamaa. Wako siku hizi madalali wa kesi wanaokaa karibu na hospitali, wakimwambia aliyechubuka goti aseme hawezi kusimama. Mtume s.a.w., katika hadithi ya Bibi Ummu Salama iliyo katika Bukhari na Muslim, ametuonya kuwa huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe akahukumiwa haki isiyokuwa yake, na kwamba alichokatiwa ni kipande cha moto. Basi seremala wetu amekwisha kuambiwa: shilingi 15,000 alizopokea azitaje na zitolewe katika hesabu, na asiseme kwamba mkono wote umekufa ilhali vidole viwili vingali hai. Na je, korti ikimpa zaidi ya kiasi cha sharia? Gharama ya tabibu na maumivu tumekwisha kuzitaja kauli zake. Na kipato alichokikosa, sisi twaona ni hasara ya kweli aliyoingizwa na dhalimu, na kuna katika maulamaa wa zama hizi wanaokubali kulipwa kwake. Mwenye shaka na aisadake ziada. Lakini asimpelekee dhalimu shaka yake kama zawadi.

Na kwa upande wa mpigaji, ajue kwamba Mtume s.a.w. ametuambia nani ndiye muflisi wa umati wake: ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala na funga na zaka, naye amempiga huyu na kumtukana huyu, agawanyiwe watu mema yake mpaka yaishe, kisha abebeshwe makosa yao. Lau tungempenda kweli mwana yule na babake, tungewashauri walipe hapa, kwa shilingi. Tuliwaacha waende na deni lao wakidhani kuwa limesomewa Fatiha. Huko ni kuwadhulumu wao pia.

Juma lililopita tulimwendea baba mwenyewe nyumbani kwake, watu watatu wa darsa, tukamweleza kwamba baraza ile ilikosea, na kwamba sisi ni katika waliokosea, tukamtaka alipe kwa hiari yale yaliyozidi baada ya msamaha, tuandikiane mbele ya wakili, na korti isihitajike. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza kama tumesahau ni nani aliyetandika msikiti. Tukamwambia hatukusahau, na kwamba akitaka mazulia yake tutamsaidia kuyakunja. Mlango aliotufungulia kutoka ulikuwa ni ule ule wa nakshi. Kazi nzuri, na baki ya ujira wake haijalipwa hata leo.

Jambo hili lilitokea miaka miwili na miezi saba iliyopita. Imebaki miezi mitano. Wakili ameanza kuandika madai, na darsa imechanga ada ya korti.

Lililopungua ni mashahidi. Jioni ile walikuwako watu wasiopungua sita mbele ya nyumba, na wengi wao ni wasomaji wa karatasi hii. Barazani waliulizwa wakasema hawakuona vizuri, nasi hatukuwauliza mara ya pili, kwa kuwa jawabu hilo lilitufaa. Sasa twawauliza. Katika Suratul Baqara, aya ya 283, imeelezwa kuwa mwenye kuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini, na katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kushuhudia haki hatta juu ya nafsi zetu na wazazi wetu, awe anayehusika ni tajiri au masikini. Mmoja amekwisha kuja, mzee muuza kahawa, akasema aliiona nondo ikipanda na kushuka. Waliobaki watatupata msikitini kila usiku wa Alkhamisi baada ya Isha, na asiyetaka kuonekana na watu na aje nyumbani kwetu baada ya Alfajiri.